King'ora Kilipolia Mara Tatu

Mtalawe, karibu na Mbingu
20 Agosti 1995

Kwako mwanangu Restituta,

Pokea salamu zangu na za majirani wote. Mimi sijambo. Goti linauma asubuhi, likipata jua linanyamaza. Natumaini huko Morogoro unakula vizuri na kazi ya kupiga chapa haikuumizi macho. Barua hii nimempa Alphonce anayepeleka mpunga Ifakara, ataitia posta akifika.

Mwanangu, ulipoondoka baada ya matanga nilikuwa sijaiona ile karatasi. Juzi mtendaji wetu, Sebastiani, aliniita ofisini kwake akanisomea. Ni ripoti ya kambi ya bwawa kuhusu kifo cha mama yako. Ina mistari minne. Mstari wa tatu unasema, "Marehemu alipuuza king'ora." Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, neno likawa lilelile.

Nakuandikia kwa sababu ya neno hilo. Wewe uko kwenye ofisi ya mradi na mafaili yanapita mbele yako. Naomba lifutwe. Sitaki kitu kingine kwao.

Siku ya kuzika hatukupata nafasi ya kuzungumza, kwa hiyo nikueleze ilivyokuwa. Labda nikiandika nitaelewa na mimi. Tangu wazibe mto kule mlimani, huku chini yamebaki madimbwi. Akina mama wanashuka mchangani kuokota samaki wanaohangaika kwenye tope. Unajua pia kwamba lile rimu la lori tulilokuwa tunagonga kigangoni, kwenye kikanisa chetu, kama kengele liliibwa mwaka juzi. Kambini wanapiga king'ora saa sita mchana, mara moja, ili wafanyakazi waende kula, nacho kinasikika mpaka huku. Katekista Nikodemu akasema basi na kitufae, kikilia tusali sala ya Malaika wa Bwana, ingawa kwa Padri kengele ya sala hiyo hulia mara tatu. Tukazoea. Hata Sebastiani, ambaye kanisani tunamwona Pasaka tu, alikuwa anavua kofia.

Siku ile, saa sita hiyohiyo, kililia mara tatu. Jirani yetu Apolonia alikuwa juu kingoni anaanika mpunga. Anasema mama yako alicheka, akamwambia, "Sikia, leo wamepiga sawasawa, mara tatu kama kwa Padri." Akaweka kikapu chini, akainamisha kichwa palepale katikati ya mto. Maji yakaja. Kumbe kwao mara tatu maana yake wanafungua lango la bwawa. Wanasema tangazo lilibandikwa kwenye geti la kambi. Kambi ni mwendo wa saa mbili kupanda mlima. Nani anakwenda kusoma geti?

Sasa niambie wewe uliyesoma kunizidi: mtu aliyesimama kwa sababu ya king'ora, amekipuuza vipi?

Kikapu chake kilikutwa kwenye matete. Nimekitundika pale alipokuwa anakitundika, lakini naona nimekigeuza upande usiofaa. Yeye alikuwa na namna yake.

Ni mimi baba yako,
Teofili


Morogoro
11 Septemba 1995

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia goti linapata nafuu. Mimi ni mzima. Nimempa dereva wa basi la Ifakara sukari kilo mbili na ile dawa ya kuchua, amfikishie Alphonce.

Kuhusu neno lile, nimeuliza. Wanasema ripoti imepelekwa Dar es Salaam na nakala ya hapa imefungiwa kabatini. Mwenye ufunguo amesafiri. Baba, usijichoshe sana kulifikiria. Nitauliza tena.

Naomba unijibu kitu kimoja. Wale vyura wadogo wa kwenye maporomoko, bado wapo?

Mwanao,
Restituta


Mtalawe
1 Oktoba 1995

Mwanangu Restituta,

Salamu nyingi. Sukari imefika, kilo moja na nusu. Alphonce anasema mfuko ulitoboka. Midomo yake nayo naona ilitoboka. Dawa inawasha, lakini inasaidia.

Umeniuliza kuhusu vyura. Nilicheka kidogo, maana sikuelewa umewakumbukaje. Ijumaa nilipanda mpaka maporomoko nikuangalizie. Unakumbuka zamani hata ukisimama mbali ulikuwa unalowa kwa ule ukungu wa maji, na ukishika jiwe unakuta vyura wa njano wamelala kama maharage. Sasa maporomoko yananing'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Majani ya kwenye mawe yamekauka, ukiyagusa yanasagika. Nilikaa mpaka jua likapita utosini. Sikusikia hata chura mmoja.

Nilimkumbuka yule binti wa chuo kikuu, Digna, aliyekuja na wenzake kuhesabu wadudu na samaki kabla bwawa halijaanza. Walilala kwetu siku tisa. Mama yako aliwapikia samaki kitoga kwa nazi na akawatajia majina ya vyura wote, hata yale ya kutukanana. Siku ya kuondoka akawaambia, "Mkimaliza kuhesabu vyura, mrudi mtuhesabu na sisi." Digna alicheka mpaka akavua miwani.

Mambo ya huku yananichanganya. Mto unajaa bila wingu, unakauka masika. Migono ya samaki niliyotega jana jioni nimeikuta asubuhi iko juu ya mchanga mkavu. Kuna korongo mmoja anasimama pale siku nzima akiangalia miguu yake. Nikimwona namwambia, hata mimi, ndugu yangu.

Neno lile bado nalisubiri.

Baba yako,
Teofili


Mtalawe
12 Desemba 1995

Mwanangu,

Je, unaumwa? Alphonce amekwenda na kurudi mara tatu mikono mitupu. Apolonia anasema huenda nimekuudhi kwa kukuandikia jambo lilelile. Kama ni hivyo, niambie, nitaandika habari za kuku. Kuku hawajambo.

Noeli njema. Nitakuwa nyumbani.

Baba yako


Kibaoni, Ifakara
28 Januari 1996

Baba yangu,

Shikamoo Baba. Nisamehe kwa kukaa kimya. Siumwi na hukuniudhi. Nimeacha kazi tangu Novemba. Niko hapa Kibaoni kwa shangazi Theodosia, namsaidia kuuza mchele. Anakusalimu, anasema bado una sufuria yake.

Ilitakiwa nikwambie mwaka jana, siku ya kuzika. Nilishindwa, ukanikuta nafua nguo za wageni.

Digna na wenzake waliandika ripoti yao, kurasa sitini na mbili, na niliyezipiga chapa ni mimi. Ilikuwa na habari za maporomoko yetu, za ukungu, za samaki wanaotaga kwenye majani mto ukijaa. Hata jina la mama lilikuwa mwishoni, kwenye shukrani. Bosi akaniambia wakubwa hawasomi kurasa sitini, tufupishe ziwe kumi. Nikapiga upya. Wakubwa wakasema kumi bado nyingi, ziwe mbili. Bosi akakaa pembeni yangu na penseli nyekundu. Akifika pa kutoa ananisomea, anakata. Mahali pamoja akasema, "Hii ni ya vyura, toa. Vyura hawana kadi ya kupigia kura." Ofisi nzima ikacheka. Baba, na mimi nilicheka.

Nilichokitoa ni hiki hapa. Nakala ya kaboni nilikuwa nayo kwenye droo, nimeitia humu kwenye bahasha. Inasema, "Lango lifunguliwe kidogo kidogo kwa muda wa siku nzima, ili samaki, vyura na viumbe wengine wa mtoni wapate nafasi ya kuhamia kingoni."

Watu hawakutajwa. Waliandika kwa ajili ya vyura tu. Lakini kama wangewafungulia vyura hivyo, maji yangefika kwanza kwenye kifundo cha mguu. Mama angemaliza sala yake, angeona amelowa, angechukua kikapu na kutoka. Huenda angelalamika kwamba kanga imeharibika.

Nimejaribu kulifikiria jambo hili kwa kila upande. Sijui kama ni kosa langu au la bosi au la waliosema kurasa kumi ni nyingi. Kila nikikaribia kuelewa, najisikia nikicheka.

Neno lile sikuweza kulifuta. Waliniambia faili limefungwa.

Mwanao,
Restituta


Kibaoni, Ifakara
19 Mei 1996

Shikamoo Baba,

Barua ya Januari Alphonce anasema alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaingia ndani. Sasa ni karibu miezi minne. Siombi uniandikie mengi. Niambie tu kama nije au nisije.

Restituta


Mtalawe
5 Agosti 1996

Mwanangu mpendwa Restituta,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Sufuria yake ilitoboka tangu ubatizo wako, mwambie hivyo kwa upole. Mimi ni mzima, goti lilelile.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa na hasira na sikujua niiweke wapi. Nikitaka kuiweka kwako, nakuona una miaka saba umekaa kwenye jiwe unanawa miguu. Nikitaka kuiweka kwa bosi wako, simjui sura. Nikasema ngoja niikalie kwanza. Imechukua muda. Ile karatasi ya kaboni nimeiweka kwenye kitabu cha sala cha mama yako. Naisoma. Sasa vidole vyangu vina rangi ya buluu.

Nikwambie ya juzi Jumamosi. Mradi ulituletea kisima cha pampu, maana mto tulionao hatunao. Mheshimiwa akaja kukizindua, na magari matano. Kwa sababu hakuna tambarare pengine, wageni waliwekewa turubai na viti palepale mchangani, katikati ya mto. Nilimwambia Sebastiani, "Pale si mahali pa kukaa wageni." Akasema, "Mzee, lango limefungwa, nimeambiwa na wenyewe." Basi.

Mheshimiwa alizungumza vizuri. Alisema umeme, alisema maendeleo, alisema tumshukuru. Kisha akauliza nani ana neno. Nikasimama. Nilikuwa nimejifunza maneno usiku kucha, yote yakapotea. Nikasema tu, "Mheshimiwa, mimi nina neno moja, na nataka liondolewe." Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka, akasema, "Lipi hilo, mzee wangu?"

Kabla sijafungua mdomo, king'ora kikalia.

Kililia mara moja tu. Ni saa sita, ni chakula. Lakini siku hizi hatuhesabu tena. Kijiji kizima kiliinuka. Valeria na watoto wake, wanakwaya na kanzu zao, Nikodemu, Apolonia na kigoda chake, wote tukakimbilia kingoni. Hata goti langu lilikimbia. Wageni walibaki kwenye viti wanatutazama. Halafu dereva mmoja akaona sivyo, akakimbia. Wa pili akamfuata. Mwishowe Mheshimiwa naye akaja, kiatu kimoja mkononi na kingine kimebaki mchangani, amemshika katibu wake bega.

Tukasimama juu wote, tunahema, tunautazama mto. Hakuna kilichokuja. Viti vyao vilikaa vyenyewe chini ya turubai.

Mheshimiwa alipopata pumzi akasema, "Kumbe nyinyi mnaogopa king'ora hivi?"

Nikamwambia, "Hatuogopi, Mheshimiwa. Hatukipuuzi."

Ndipo nikamweleza habari za mama yako, na neno, na ile karatasi yako. Nilimwomba pia wafungue kidogo kidogo, kama ilivyoandikwa, kwa ajili ya vyura. Nikasema sisi tutapita humohumo. Alimwambia katibu aandike. Katibu akaandika, lakini kwa Kiingereza, na mwandiko wake umelala. Sijui aliandika nini. Wakala wali, wakaondoka. Mtoto mmoja wa Valeria alikipata kile kiatu, anakitumia kuokotea samaki.

Kwa hiyo, mwanangu, neno bado lipo, kabatini Dar es Salaam au popote lilipo. Sina nguvu ya kulifuata huko. Lakini jana nilikwenda kwa Nikodemu, tukafungua kitabu cha marehemu cha kigango. Jina la mama yako lilikuwepo, na mahali pa sababu ya kifo palikuwa wazi, Nikodemu hakujua aandike nini. Nikamwomba kalamu. Nimeandika, "Alisimama kusali." Wino umeenea kidogo, ila panasomeka.

Rimu jingine tumepata, la trekta, lina sauti nzito. Tunaligonga saa sita na robo, tukishahakikisha wote wako kingoni. Padri anasema saa hiyo siyo sahihi. Tumemwambia tunajua.

Njoo. Usiulize tena kama uje. Kikapu bado kinaning'inia upande usiofaa, na wewe ndiye unayejua ulikuwa upi.

Na kabla hujaja, kengele ya kanisa kubwa hapo Ifakara ikilia mara tatu, simama popote ulipo palipo pakavu, utukumbuke, mama yako na mimi.

Baba yako,
Teofili