Pardalote Inagoma Kuwaka

Jumamosi, 9 Julai
Tumetoka Kettering. Sakitu, umande ulioganda, imetanda juu ya sitaha, ngazi inateleza kama imepakwa sabuni. Mimi, kaka Alwyn, na Pardalote, boti ya tanga aliyotuachia baba. Kila Julai, katikati ya majira ya baridi, tunashuka nayo kusini, wenye akili zao wakiwa wamejikunyata kando ya moto. Watu wa gatini wanatuona vichaa. Labda.

Injini imesumbua kuwaka. Starta inazunguka kivivu, inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena — ndipo ikashika. Nikamwambia Alwyn betri ya starta imezeeka, tununue nyingine kabla hatujafika mbali. Akasema hata yeye amezeeka na hakuna aliyemtafutia mbadala.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu, 11 Julai
Barnes Bay. Mvua tangu jana. Sola haina kazi, jua lenyewe linachungulia juu ya vilima kisha linarudi kulala. Nimepima betri. Injini ikiwa inafanya kazi, inajaa vizuri. Asubuhi, imeshuka. Ndoo iliyotoboka.

Alwyn anakula kama ndege. Soseji ameacha nusu, viazi hakugusa. Mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Nimeuliza. Anasema mkanda umelegea.

Jumatano, 13 Julai
Dover. Alwyn amechukua kihori kwenda nchi kavu kununua betri. Amerudi na mkate na samaki wa kichwa bapa. Betri? Eti dukani hamna za saizi yetu.

Jioni Bettina amekuja kunywa chai. Anaishi peke yake kwenye boti ya chuma iliyofungwa kwenye boya jirani, na ana ulimi usio na breki. Nikamweleza shida yetu. Akashangaa. Rafu nzima imejaa, alisema, na yeye amenunua kama yetu juzijuzi, tena wakambebea hadi gatini.

Alwyn akainuka, akasema anakwenda kuangalia nanga. Nanga haikuwa na tatizo lolote. Bettina akanitazama. Mimi nikatazama kikombe.

Ijumaa, 15 Julai
Southport. Injini imewaka baada ya jaribio la nne, kwa kuombwa.

Simu imelia nikiwa peke yangu nje. Nesi, kutoka hospitali ya Hobart. Sauti ya upole. Amesema jina langu ndilo lililoandikwa kama ndugu wa karibu. Bwana Alwyn hapokei simu. Operesheni yake ni Alhamisi, tarehe ishirini na moja. Ameshaahirisha mara mbili. Daktari hataki iahirishwe tena, maana uvimbe ulioko kwenye utumbo hausubiri mtu.

Nikasema ndiyo, ndiyo, asante, kana kwamba nilikuwa najua. Sikuwa najua lolote.

Chakula cha usiku tumekula supu ya njegere. Yaani mimi nimekula. Nilingoja aniambie mwenyewe. Akaongea habari za upepo. Dhoruba inakuja kutoka kusini-magharibi, hapa hapafai, bora twende Recherche Bay tukajifiche. Kuhusu upepo, amesema kweli. Ndiyo taabu yake: siku zote kuhusu upepo anasema kweli.

Jumamosi, 16 Julai
Recherche. Miti imesimama hadi ukingoni mwa maji, simu haishiki mtandao. Boti iliyopo ni yetu tu. Nanga imeshika vizuri kwenye tope.

Kabla ya kulala nimehakikisha swichi ya betri ya starta imezimwa kwa mkono wangu, ili taa na hita visiinyonye.

Jumapili, 17 Julai
Imekufa. Unabonyeza starta, inasema tik. Basi. Betri za chumbani nazo zimekwisha kwa sababu ya hita, haziwezi kuiazimisha nguvu.

Nimekwenda kuangalia swichi. Imewashwa. Boti ina watu wawili, na mmoja ni mimi.

Nikamuuliza. "Kaka, umeigusa hii?"

"Ah, Glenys, umeanza upelelezi asubuhi yote hii. Weka chai."

Nikaweka chai.

Upepo umeingia mchana. Mlingoti unalia. Pardalote inavuta mnyororo kama ng'ombe asiyetaka josho.

Jumatatu, 18 Julai
Bado upepo. Mvua ya mawe imepiga sitaha hadi hatusikilizani. Ilipotulia nimeshindwa kuvumilia. Alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia nesi amenipigia.

Akaendelea kumenya. "Lini?"

"Ijumaa."

"Na ukanyamaza."

"Wewe umenyamaza tangu lini?"

"Aprili." Akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akasema bila kuniangalia: "Baba aliingia hospitali ile kwa miguu yake. Alitoka na mfuko wa choo umebandikwa tumboni. Hakukanyaga boti hii tena."

"Aliishi miaka mingine mingi, Alwyn."

"Aliishi? Alikaa dirishani akitazama boti za wenzake."

Ni kweli alikaa dirishani. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunika blanketi.

"Alhamisi ikipita basi," akasema. "Nilitaka ipite tu."

"Na ugonjwa nao utapita?"

Maganda ya viazi yanaanguka kwenye ndoo.

Nikamwambia hivi: umenileta huku nikuangalie ukifa, na hata hukuniuliza kama naweza. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Ndiyo iliyomuumiza. Aliweka kisu chini, akaenda kulala na buti zake miguuni.

Jumanne, 19 Julai
Nimeamka, yuko sitahani tayari, anafungua kamba za tanga kubwa. Theluji imeshuka hadi nusu ya mlima. Upepo umepungua, bado wa kusini-magharibi — unatusukuma mgongoni kwenda Dover. Sikumwomba. Amesema tu: "Leo au tusubiri wiki nzima."

Kutoka nangani bila injini si mchezo. Ukikosea, boti inageukia mawe na huna cha kuirudisha. Mimi nilishika usukani, yeye akavuta mnyororo kwa mikono. Mara mbili akasimama, ameinama, kiganja tumboni. Nikataka kwenda.

"Baki hapo hapo, mdogo wangu. Hili bado naliweza."

Nanga ikatoka, tanga likajaa, tukapita karibu na miamba kiasi cha kuona mwani wake. Sijawahi kuogopa vile. Yeye alikuwa anapiga mluzi.

Tulipofika kwenye mdomo wa ghuba nikampa usukani. Nilijua akitaka anaweza kugeuza kwenda popote, mimi sina nguvu za kumnyang'anya. Hakugeuza. Tukasafiri mchana kutwa. Dover tumeingia kwa tanga la mbele peke yake, taratibu, na Bettina, aliyetuona kwa mbali, alikuwa kwenye kihori chake akitungojea atuonyeshe pa kutia nanga.

Jumatano, 20 Julai
Nimemweleza Bettina habari ya hospitali. Amesema atatupeleka Hobart kwa gari lake leo alasiri, na boti ataiangalia yeye. Alwyn amesikiliza, hakusema ndiyo wala hapana. Amesema haiachi Pardalote ikiwa mfu. Amenyoa ndevu. Akaenda dukani.

Safari hii amerudi nayo. Betri mpya, na pai mbili za kombe wa baharini zikiwa na moto bado. Ameifunga mwenyewe, amelala kifudifudi juu ya injini, akisafisha vichwa vya waya kwa msasa hadi vinang'aa. Nikamshikia tochi. Hakunituma kitu kingine.

Akapanda juu, akabonyeza. Haikukohoa. Imewaka papo hapo, kama haijawahi kugoma maishani.

"Sikia hiyo," akasema. Basi, tukasikiliza.

Sasa imepita muda mrefu na hajaizima. Yuko nje, mkono kwenye usukani. Pai yangu nimekula. Yake iko mezani, imepoa, hajaionja hata kidogo. Leo tangu asubuhi amekunywa mchuzi na maji tu — nami sijathubutu kumuuliza kama ni tumbo au ndivyo hospitali walivyomwagiza.

Gari la Bettina liko gatini. Amewasha taa mara moja, akazima.

Alwyn ameniita nipande nikavute nanga. Nikamuuliza, tunakwenda gatini? Akasema, "We vuta kwanza, Glenys." Upepo umekufa kabisa, bahari ni kioo, na kwa injini hii tunaweza kufika popote.

Anaita tena. Ameniita kwa jina la utotoni, ambalo sijalisikia miaka mingi. Sijui pua ya boti ataielekeza gatini au baharini; nafunga daftari, nakwenda kuvuta nanga.