Mahindi Yasiyochujwa

Shoga, acha kila kitu usome. Natoka kwa dada sasa hivi, mbavu sina.

Si wakwe zake walikuja leo? Dada akajitia kuwatengenezea kile kinywaji cha mahindi matamu na matcha. Akachemsha mahindi, akayasaga na maziwa, akamimina juu ya barafu, kisha akatia ule unga wa chai ya kijani aliokoroga kwa maji moto. Kuchuja akaona tabu. "Maganda ni afya," ananiambia.

Baba mkwe kapiga mafunda mawili. Anatafuna, anatafuna. Mara akageukia ukutani, akatia vidole mdomoni, akatoa meno.

Meno, shoga. Safu nzima ya juu, imekuwa ya kijani.

Dada roho ikamruka. Mama mkwe akamkodolea mumewe macho. "Baba watoto, kumbe una meno bandia?"

"Tangu kabla sijakuoa," mzee akajibu, anatazama zulia.

Mama mkwe akaweka glasi chini taratibu, naye akatoa yake.

"Hata mimi nimechoka kuyaficha," akasema. "Haya mwanangu, tuletee vijiko."