Nobu Uliyoiacha Juu

Baba Yusta,

Nimekukasirikia. Nakwambia mapema usije ukadhani nimekaa kukulilia. Kulia nimeshalia.

Wanakwaya wanataka niizungushe ile nobu ya kisanduku chako, kile cha umeme ulichotuundia kitupe sauti ya kuanzia. Jumapili tunaondoa matanga yako hapa Kitanga, tutaimba ule wimbo ulioupenda, na jana mazoezini umetushinda. Pale juu kwenye sauti ya tatu ulikuwa unapafika wewe peke yako. Vijana wamejaribu, wamelia kama mbuzi. Mama Ezekieli, mwenyekiti wetu, akasema, "Mwalimu, teremsha kidogo hicho kisanduku, tutaaibika mbele ya wageni." Nikafunga mazoezi, nikaondoka nacho kwapani. Najua wamenisema njia nzima.

Kuteremsha! Utafikiri wanajua tulivyoitafuta sauti ile. Dukani kwako Kasulu, katikati ya redio ulizokuwa unatengeneza, mimi naimba mpaka koo linakauka, wewe unazungusha: "Bado, Mama Yusta. Bado. Hapo hapo, usihame!" Ukanichorea kwenye karatasi ya sukari: kapasita, kile kikopo kidogo, inajaa umeme polepole, ikifika kiwango, IC, kile kidude cheusi chenye miguu, inageuka ghafla, kapasita inamwaga, IC inageuka tena. Ukuta, bapa, ukuta, bapa. Ndilo wimbi la mraba, ukasema. Nobu ya pili ukaiweka ili juu na chini vipate muda sawa, maana vikipishana kisanduku kilikuwa kinaimba kama mtu aliyebana pua.

Na Pasaka ile! Betri zikachoka, sauti ikashuka, kwaya nzima tukateremka nayo bila kujua, mpaka wa besi wakabaki wananguruma tu. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kesho yake ukakifumua, ukakipanga upya ili betri ikichoka na kile kiwango kishuke nayo, sauti isihame.

Sikio gani lile, jamani! Kisanduku kikipungua kidogo tu, unasikia ukiwa chumba cha pili. Kifua chako mwenyewe hukukisikia. Nilikwambia twende hospitali, ukasema, "Ni moshi wa risasi ya kuchomelea waya tu, nikifanya kazi dirisha likiwa wazi utaisha." Ego, ndiyo, umeisha. Umeisha na wewe. Hilo sijakusamehe, na mchungaji asinifuate kwa hilo.

Leo asubuhi nimekiwasha jikoni. Yusta akaacha kuosha vyombo, akasema, "Huyo Baba." Nimeishika nobu, nimeshindwa. Bado ina alama ya kidole chako, ile grisi. Viatu vyako kaka zako wamegawana, dukani kwako sasa wanauza vocha. Nikiizungusha hii, nyumba nzima hakuna tena kitu kilichobaki pale mkono wako ulipokiacha.

Halafu nikakumbuka. Nilikuuliza kwa nini usiigandishe na gundi, watoto wasiichezee. Ukanitazama kama vile nimetukana. "Nikiigandisha, siku makoo yakibadilika mtaimbaje?"

Kwa hiyo ulijua. Kila kitu ulikipangia, isipokuwa kifua.

Basi, nimekubali. Jumapili nitaizungusha mbele yao wote, kwa mkono wangu, taratibu, mpaka vijana wapafike. Nakuahidi wataimba vizuri, hawatakuaibisha. Lala salama, mume wangu. Ukisikia wimbo wako umeanzia chini, usiulize nani kaharibu kisanduku. Kisanduku ni kizima. Ni wewe hupo.

Mama Yusta