Mfalme Hakujibu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumatatu maana usingizi umenipotea, siku hiyo narudia mtihani wa taifa wa fasihi na nikifeli tena nafasi yangu ya chuo cha ukunga anapewa mwingine, na mwalimu wetu ni dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea, na darasa zima tunakariri muhtasari alioutunga yeye wa ile tamthilia ya zamani ya mfalme na ndugu yake msaliti, na huo muhtasari unasema mwishoni mfalme anamsamehe ndugu yake, funzo ni msamaha, basi. Sasa juzi saluni ninakosuka nywele, wateja hamna, nikampa mwenzangu kitabu chenyewe awe mfalme nami niwe ndugu, nikapiga magoti, nikaomba radhi ukurasa mzima, naye akasoma "Mleteeni kiti," akatoka kama kitabu kinavyoagiza, nikabaki pale chini nasubiri jibu na jibu halikuja, kitabuni pazia linafungwa. Mshauri, nikasema huyu hakusamehe. Kwenye jaribio la darasani nikaandika mfalme hakusamehe, dada akanipa sifuri, akaniita mjuaji mbele ya wenzangu, na nyumbani akaniambia, "Ukiandika hayo yako Jumatatu, usije kunililia." Tangu hapo hatusemeshani, tunapishana jikoni kama wapangaji. Niandike ya dada nipite, au yangu nimkose dada na chuo pia? Na wewe unaonaje, mfalme alisamehe au hakusamehe?

Mimi, Mdogo Mtu

Mdogo Mtu, pole. Sifuri ya mtu aliyekulea inauma, na kukuita mjuaji mbele za watu dada yako alikosea, na akisoma hapa ajue nimesema.

Lakini nawe usijifanye malaika. Umeona mfalme hakujibu, ukakimbilia kuandika hakusamehe. Nani kakwambia? Na kile kiti je? Mtu uliyemchukia unamwagizia kiti kweli, au unamwagizia tu ili upate nafasi ya kuondoka? Hukugusa kabisa habari ya kiti. Umeutupa muhtasari wa dada ukatunga wako, tena mfupi zaidi.

Swali lako la mwisho silijibu. Unakimbia muhtasari mmoja unakuja kwangu kuomba mwingine? Kitabu unacho, mwanangu, kifungue.

Jumatatu nukuu maneno ya mfalme, eleza kwamba anatoka bila kujibu, kisha useme wewe unaona nini na kwa sababu gani. Anayesahihisha si dada yako, naye anatafuta ushahidi, hatafuti nani kakulea.

Na leo jioni mpelekee dada kitabu. Usianze ubishi. Mwambie awe mfalme, wewe piga magoti, uombe radhi zote zilizoandikwa, naye akishasema maneno yake atoke chumbani kweli. Akirudi, muulize moyoni alikuwa na nini alipokuwa anatoka, halafu unyamaze umsikilize.

Akikuvutia kiti, kaa, hata kama hajasema neno.