Salamu Aliyoikimbia Babu

Dada yangu Lugano,

Shikamoo dada. Kiuno chako kinaendeleaje? Na viazi mmevitoa salama, au mvua imeviozesha shambani? Mimi mwili mzima, ila moyo hauko sawa na sitakudanganya. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nikianza tu kumtaja mama nalia, na wewe ukinisikia unalia, tunamaliza bando kwa kulia. Barua hii anakuja nayo dada mmoja wa Tukuyu ninayefanya naye kazi. Mpe chai, ni mtu mwema.

Huku Ujerumani theluji imeanguka wiki nzima. Baridi ile ya Uyole tuliyokuwa tunailalamikia ilikuwa utani. Nawaogesha wazee wa hapa, nawalisha, nawafunika. Kuna bibi mmoja akinishika mkono hauachii, ananiita kwa jina la binti yake, nami namwitikia. Nikimaliza zamu narudi chumbani, nafunga mlango, na hakuna wa kuniambia hata pole na kazi. Siku mliyokuwa mnamwogesha mama yetu kwa mara ya mwisho, mimi nilikuwa namwogesha mama wa watu.

Hujaniuliza tena kwa nini sikuja kuzika, na kunyamaza kwako kunaniuma kuliko kama ungenigombeza. Vibali vyangu vilikuwa vinabadilishwa, ningetoka nisingeruhusiwa kurudi. Najua mama mwenyewe angesema baki huko huko. Kujua hivyo hakunisaidii kitu.

Sasa sikia. Ile video ya mazishi nimeitazama. Mzee wa kanisa amesimama na karatasi yake, anasoma: marehemu alizaliwa Idodi, Iringa, akaolewa hapa Uyole, hakuwa na kazi, alikuwa mama wa nyumbani. Akakunja karatasi, akakaa. Hakuwa na kazi! Jamani! Nilirusha mto ukutani. Mama yule aliyekuwa anaamka kabla ya jogoo na kulala baada ya paka, hakuwa na kazi?

Umeniambia ibada ya kuweka msalaba kaburini imekaribia, na umeombwa kuzungumza kwa niaba ya watoto nawe hujui useme nini. Basi soma hii. Ndugu zake wa Idodi watakuwa wamekaa pale, na sitaki mama aagwe mara ya pili kwa maneno yale yale. Wewe haya unayajua kuliko mimi, lakini watu wa kanisani hawayajui.

Waambie baba alikwenda Idodi kujenga shule, akarudi na mke wa Kihehe, mrefu, mwenye sauti. Akamleta huko nyumbani kwa babu bila kumwambia lolote, maana mwanaume wa Kinyakyusa anadhani mila zake dunia nzima inazijua. Asubuhi ya kwanza mama anafagia uwanja, anamwona babu anatoka bandani kwa ng'ombe. Kwao mkwe anaheshimiwa kwa kumfuata na kumsalimia. Mama akatupa ufagio, akapiga magoti mbele yake kabisa, akamtazama usoni, akamsalimia kwa Kihehe: "Kamwene, baba!"

Weee! Babu aligeuka akakimbia kupitia katikati ya viazi, fimbo huku, kofia kule. Shangazi akaja mbio akamfunika mama kichwa kwa kanga, anamvuta ndani: "Unataka kutuua? Mkwe hatazamwi! Mkwe hasalimiwi!" Mama alisema siku ile alifunga mzigo wake kabisa, arudi Idodi. Kilichomzuia ni kwamba maharage yalikuwa jikoni, akaona aibu kuyaacha yaungue.

Akabaki. Akampikia babu miaka yote ile bila kuonana naye uso kwa uso. Unakumbuka? Anaweka chakula kwenye kigoda nje ya mlango wa babu, anakohoa, anaondoka haraka. Babu anatoka, anakula, anaanza kuongea na jogoo: "We jogoo, mwambie aliyepika, leo chumvi imemwagika." Na mama kule jikoni anaiambia sufuria, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni Mwanjelwa: "Mwambieni jogoo kesho apike mwenyewe!" Tunacheka mpaka tunaishiwa nguvu. Lakini sahani ya babu haikurudi tupu hata siku moja. Mara yai, mara parachichi, mara hindi la kuchoma limefunikwa lisipoe. Mama hakutugawia vile. Alikula mwenyewe, amekaa kwenye kizingiti, anatabasamu.

Halafu waambie siku ya mvua. Bibi yetu alishafariki, baba yuko kazini, shangazi yuko sokoni. Babu miguu ilikuwa haina nguvu tena, akaanguka uwanjani kwenye matope, anajaribu kuinuka hawezi. Wewe ulikuwa umeshika mlango, mimi nimeshika gauni lako. Mama alisimama pale jikoni, mguu mmoja nje, mmoja ndani. Hakuwa anaogopa mvua. Akafungua kitenge kiunoni, akajifunika kichwa mpaka usoni, akatoka. Akambeba yule mzee kama anavyobebwa mtoto, akamlaza kitandani, akamfuta matope miguuni huku ameangalia ukutani.

Babu akavuta blanketi mpaka kifuani. Kisha akasema, "Kamwene, mwanangu."

Ile salamu ya asubuhi ya kwanza, dada. Alikuwa ameitunza miaka yote akiwa na deni la kuitikia. Mama alikaa chini sakafuni akalia kwa sauti, nasi tukalia bila kujua tunalia nini. Tangu siku hiyo shangazi hakumzuia, na mama alimuuguza babu mpaka alipopumzika. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo mama. Mimi huku nimesomea cheti kizima kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Nisalimie shemeji, mwambie paa la jikoni la mama asilibomoe kwanza. Nisalimie shangazi yetu, mwambie nampenda na ukali wake. Mjomba wa Idodi akifika, mkalishe karibu nawe. Mama jirani aliyefunga duka siku ya msiba, mshike mkono kwa niaba yangu.

Limebaki moja. Siku ile ile aliyofariki, mama alinitumia sauti kwenye simu. Simu zetu zinafungiwa kabatini tukiwa zamu. Nilipoitoa nikakuta umeshanipigia wewe, ndipo chini yake nikaiona ya mama. Ni fupi: "Kamwene, Tupo. Uko mzima? Unakula?" Naisikiliza kila asubuhi nikienda kazini, kwenye theluji, peke yangu, na kila asubuhi mdomo unafunguka nataka kuitikia na hakuna wa kuitikiwa.

Ukimaliza kusoma, dada, watu wakishaanza kutawanyika, piga magoti pale msalabani. Mwambie nakula. Mwambie, kamwene mama.

Mdogo wako anayekukumbuka sana,
Tupokigwe