Kinobu cha Tatu

Mpemba, Tunduma
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Kwanza nataka kujua kidonda cha shingoni kinaendeleaje, na kama uji sasa unapita bila kukuumiza. Dada Gaudensia aliniambia nyuzi zitatolewa wiki hii. Najua daktari amekukataza kuongea, ndiyo maana leo sikupiga simu. Lakini hiyo siyo sababu yote. Naandika kwa kuwa ninalotaka kukuambia nimeshindwa kulitamka.

Mimi ni mzima. Baridi ya huku mwaka huu ni kali, na upepo unatuletea vumbi la malori mpaka ndani ya studio. Kazi ipo. Asubuhi narekodi matangazo ya maduka, kwa Kiswahili na Kibemba, na mchana wanakuja vijana wa muziki au kwaya.

Hivi karibuni bosi wangu alileta kibodi ndogo ya muziki kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Juu yake ina vinobu vinane vya kuzungusha, kama kile cha redio yetu ya nyumbani. Vikitoka dukani havina kazi yoyote. Ni wewe unayevipa kazi: kwenye kompyuta unachagua kitu, tuseme mwangwi, halafu unazungusha kinobu kimoja, na programu inakumbuka kwamba kuanzia hapo kinobu hicho ndicho mwangwi. Nilishinda siku nzima nikiviunganisha. Cha tatu nilikipa kazi ya kupandisha na kushusha sauti. Ukikizungusha kulia, mtu mzima anaongea kama kifaranga. Ukikipeleka kushoto, ananguruma kama lori linalopanda mlima.

Ili nivijaribu nilihitaji sauti ya mtu anayeongea peke yake. Nikachukua simu yangu, nikaingiza kwenye kompyuta ule ujumbe wako mrefu wa sauti. Mama, ujumbe ule ulikuwa na siku tisa kwenye simu yangu. Nilikuwa nimesikiliza mwanzo tu, salamu na habari za kahawa, nikasema nitamalizia baadaye. Sikumalizia.

Walikuwepo vijana wawili waliokuja kurekodi, Jofrey na mwenzake. Nikawaonyesha. Wewe unasema "hujambo mwanangu," mimi nazungusha, kinatoka kifaranga. Walicheka mpaka Jofrey akakaa chini.

"Oya, rudia hapo anapokohoa," akasema.

Nikarudia. Nilirudia mara nyingi, mama, na mimi mwenyewe nilikuwa nacheka. Jofrey akatoa simu yake akarekodi.

Kwenye benchi alikaa mama mmoja wa Zambia, mfanyabiashara wa mchele, akisubiri zamu ya tangazo lake. Yeye hakucheka. Akaniuliza, "Huyu bamayo ni nani?" Bamayo kwao ni mama.

Nikamjibu, "Simjui. Ni sauti tu nimeitoa mtandaoni."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hapana, najua. Sikutaka wale vijana wajue kwamba mtu anayeongea kwa lafudhi ya Kimatengo, na kukohoa katikati ya maneno, ndiye aliyenizaa.

Sauti ikaendelea kwenye spika, bado nyembamba kama nilivyoiacha, ikapita pale nilipoishia siku ile. Ikasema, "Sasa Osmundi, nisikilize vizuri." Wote wakanigeukia. Mle ndani Osmundi nilikuwa peke yangu.

Nikakimbilia kinobu niirudishe, nikashika kisicho chenyewe. Mwangwi ukajaa chumba kizima, jina langu likawa linajirudiarudia. Yule mama akasimama.

"Mrudishie sauti yake," akasema. Hakupaza sauti.

Nikakipata cha tatu, nikakirudisha katikati. Ndipo ukaongea wewe mwenyewe: kwamba rovu limekubana koo, kwamba Jumatatu unaingia kupasuliwa, na kwamba daktari amesema sauti inaweza isirudi ilivyokuwa. Ukasema, "Nimeona nikuachie hii ya sasa, uwe nayo." Mwishoni ulichelewa kutoa kidole kwenye kitufe cha kurekodi. Nilikusikia ukimuuliza dada, "Atasikiliza yote? Imekuwa ndefu." Dada akakujibu, "Atasikiliza, mama."

Hiyo Jumatatu ilikuwa imeshapita.

Yule mama aliniambia neno moja tu, "Mpigie," akatoka nje. Vijana wakamfuata.

Nikapiga. Dada alipokea kwa ukavu, maana alijua habari ninayo na nimekaa kimya. Akaniambia umeshapasuliwa, unaendelea vizuri, ila huongei, unaandika kwenye daftari. Kisha nikasikia kalamu ikikwaruza. "Anauliza kama uliusikia ujumbe wake."

Nikasema, "Ndiyo, niliusikia siku ile ile. Ni kazi tu zilinibana."

Kalamu ikakwaruza tena, dada akasoma: "Nilijua tu utasikiliza."

Mama, sikusikiliza. Nilikudanganya ukiwa kitandani na kidonda kibichi. Tangu siku ile, mtu akiniita kwa jina nashtuka.

Kesho yake nilimfuata Jofrey kwenye maegesho ya malori. Alifuta ile rekodi mbele yangu na kuniomba radhi, lakini alikuwa ameshaituma kwenye kundi lao, na kutoka pale imekwenda ninakoshindwa kuifuata. Juzi nilikuwa kwa fundi viatu, simu ya mteja mmoja ikaita kwa sauti yako, ile ya kifaranga. Nikamwomba aibadilishe. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Anayeongea hapo ni mama yangu." Aliibadilisha palepale, hakuniuliza tena. Wengine sijui ni wangapi, wala siwezi kukuahidi kwamba haitakufikia huko.

Ujumbe wako wenyewe haukuguswa. Nilichochezea kilikuwa nakala. Nimeuhifadhi kwenye simu, kwenye kompyuta na kwenye flashi.

Bosi amenipa ruhusa. Barua hii inatangulia na basi la kesho. Mimi nitapanda la Jumatano, nilale Njombe, na Alhamisi jioni nitakuwa nyumbani. Ukitaka kunigombeza, andika kwenye daftari lako. Nitayasoma nikiwa mbele yako.

Nisalimie mjomba anayetushikia shamba la kahawa, mama mdogo anayekuletea uji, na mzee katekista, jirani yetu, aliyekusindikiza hospitali nilipopaswa kukusindikiza mimi.

Nimekuandikia wewe peke yako, mama. Lakini dada akiomba kuisoma, mpe. Na yeye nilimdanganya.

Mwanao,
Osmundi