Chai ya Wifi Yangu Iandikwe Jina la Nani?

Mpendwa mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo fundi wa maandishi anakuja kupaka rangi mikebe yangu na sijui nimwambie aandike nini. Ninauza chai hapa Nyarugusu, majani yaliyochanganywa na mchaichai, tangawizi na kivumbasi kilichokaushwa kivulini, na wachimbaji wa dhahabu wameipenda hata wanataka kubeba majani makwao, nao wote wanaiita chai ya Polonia, kwa sababu mchanganyiko ule ni wa wifi yangu Apolonia, aliyeanza kuuza kabla sijaolewa, na mwaka juzi alipokwenda Didia kumuuguza mama yao, yeye na mume wangu, aliniambia, "Melania, nishikie jiko, narudi," nami nikashika. Sasa mume wangu Selestine anataka Chai ya Selestine kwa kuwa mikebe kaileta yeye kutoka Mwanza na ati damu ni moja, fundi anauliza ni Polonia, Apolonia au Apoloniya, na moyo wangu, nasema kweli, unataka Chai ya Melania, maana aliyeungua mikono miaka miwili ni mimi, na wateja wageni nimeshawaambia mchanganyiko ni wangu. Wifi ameleta salamu kwamba anarudi baada ya mavuno. Nalala na jina hili naamka na lile. Lipi ni sahihi?

Melania, Nyarugusu, Mei 1954

Marahaba, Melania. Pole kwa mikono. Bila wewe jiko lile lingezimika. Lakini hebu niambie, mchimbaji akimwachia mwenzake shimo aende kuuguza, akirudi akakuta kigingi kina jina jingine, hapo kwenu mnamwitaje huyo mwenzake? Tena anayeuguzwa Didia ni mama mkwe wako. Mlibadilishana kazi, bibi, naye ya kwako ameifanya bila kuandika jina lake popote.

Mumeo naye anyamaze. Kuleta mikebe si kuvumbua chai, na kama damu ni moja, mbona jina la dada halimtoshi?

Mwambie fundi asubiri. Wageni uliowadanganya waambie ukweli. Kisha panda lori uende Didia na mkebe mmoja usioandikwa kitu, uchemshe chai, umpe mama mkwe kwanza, halafu umweleze Apolonia yote, hata hilo la moyoni. Jina alitaje yeye, na herufi zake azichague yeye. Asipolitaja papo hapo, usimharakishe. Chukua beseni, mwoshe mama mkwe miguu, ungoje.